Bluzi gani hii, gitaa linamdakia mwimbaji kila neno?

Albamu hii nimeisikiliza mara nyingi kuliko inavyostahili, na hasira bado haijapoa. Jina la mwenyewe nalifumba, mashabiki wake ni wengi na wana midomo. Itoshe kusema ni mpiga solo wa bendi kubwa ya roki. Sasa kaipumzisha bendi, kavaa kofia, kapigwa picha nyeusi na nyeupe kaegemea ukuta uliobanduka rangi, na kwenye jalada wameandika kwamba amerudi kwenye muziki wa bluzi. Amerudi! Kwani lini aliwahi kukaa huko?

Vifaa vyake vimeorodheshwa kwenye kijitabu, mwenye hamu asome. Mimi nina ugomvi na wimbo wa nne.

Ni bluzi ya polepole, ufunguo wa A, mapigo kama 60 kwa dakika, kila pigo limekatwa vipande vitatu. Kwa mwendo huo baa moja, yaani mapigo manne, ni sekunde nne, na ubeti mzima wa baa 12 unakwisha kwa sekunde 48. Ubeti wenyewe una mistari mitatu: wa kwanza, uleule ukarudiwa, kisha wa kufunga. Kila mstari una baa nne, na hapo ndipo penye siri yote, kwa sababu mwimbaji hazitumii zote nne. Anatumia mbili hivi, halafu ananyamaza, na mbili zilizobaki ni za gitaa kumwitikia. Sekunde nane za kuita, sekunde nane za kujibu. Gwiji wa bluzi B.B. King alipokuwa akiimba, gitaa lake Lucille lilikaa kimya. Akifunga mdomo wake, ndipo lilipofungua lake.

Bwana wetu je? Kamwalika mwimbaji mwenye sauti ya kukwaruza, sauti iliyoshiba kabisa. Ubeti wa pili unaanza, neno la tatu halijatoka vizuri, gitaa limeshadakia. Nota zimemwagwa juu ya neno moja mpaka hulisikii tena. Mwimbaji, kwa adabu zake, anaurudia mstari. Anadakiwa tena palepale! Kisha zinakuja zile baa mbili za kujibu, na sasa jamaa hana la kusema, alishalisema lote mwenzake alipokuwa akiongea. Anashika nota moja ya juu na kuitikisa kama mtu anayetikisa mlango uliofungwa.

Na si kwamba hajui. Vidole anavyo, tena vya kutisha. Ila anapita juu ya kodi (za muziki, nota kadhaa zinazolia pamoja, si za serikali) kana kwamba hazipo. Baa nne za mwanzo ziko kwenye A7, ya tano na ya sita D7, ya saba na ya nane zinarudi A7, ya tisa E7, ya kumi D7, kisha nyumbani. Yeye kuanzia baa ya kwanza hadi ya 12 anazunguka ndani ya pentatoniki ileile ya A, ngazi ya nota tano, umbo lilelile la vidole. Chukua nota moja tu, C. Juu ya A7 hiyo C inatakiwa ivutwe kidogo (uzi unasukumwa kando ili sauti ipande), robo hatua hivi, ikae katikati ya C na C kali, nota inayoifuata kwa juu. Pale katikati ndipo bluzi inapoumia. Juu ya D7 nota hiyohiyo iko kwao, ni ya saba ya kodi yenyewe, iache kama ilivyo. Yeye juu ya A7 anaipiga kavu bila kuivuta, halafu kwenye D7 anaivuta mpaka inafika C kali, ambayo inagongana na kodi uso kwa uso. Na amelifanya hilo katika beti tatu mfululizo, kwa hiyo haikuwa bahati mbaya.

Kuhusu geini, ule msukumo wa amplifaya unaokwaruza sauti, sitasema mengi. Amplifaya ikisukumwa kiasi kile inabana kila kitu: ukigusa uzi kwa upole au ukiupiga kwa nguvu zote, inatoka sauti ileile. Mnong'ono umekufa. Dawa yake haigharimu kitu, ni kuteremsha kitufe cha sauti kilicho kwenye gitaa lenyewe kutoka 10 hadi 4 au 5. Amplifaya ya taa (zile valvu za kioo) ikipokea kidogo inasafisha sauti yenyewe, na anayetaka kulia anakipandisha kwa kidole kidogo katikati ya nota. Albamu nzima hakukigusa. Hata mpiga dramu nimeanza kumchukia, na maskini hana kosa, shafo yake, ule mdundo wa kuyumba wa bluzi, inatembea vizuri tu.

Kwa hiyo si bluzi. Nyota moja, na hiyo ni ya mwimbaji.

Lakini ngoja, nisije nikahesabiwa pamoja na wale walinzi wa lango wanaojipa kazi ya kuamua ipi ni bluzi na ipi siyo, maana hoja zao nazo zinanikera. Wanasema ina kelele mno. Mwanabluzi Muddy Waters alihamia Chicago mwaka 1943 na akaingia kwenye umeme kwa sababu gitaa kavu halikusikika ndani ya vilabu vilivyojaa watu. Sauti kubwa haijawahi kuwa dhambi. Wanasema kuna nyimbo hazifuati baa 12. Basi mfukuzeni mkongwe wa bluzi John Lee Hooker kwanza, aliyekuwa akibadilisha kodi alipojisikia, na wengine wote wamfuate. Wanasema jamaa ni wa roki. Na lile gitaa la Les Paul ambalo Eric Clapton alilichomeka kwenye amplifaya ya Marshall mwaka 1966 akiwa na bendi ya bluzi ya John Mayall, lilikuwa na upole gani? Hakuna anayelikana leo. Kelele, idadi ya baa na ukoo wa mpigaji havinihusu. Kinachonihusu ni kudakia.

Na kwa kuwa nimesema hivyo, lazima nikiri kuhusu wimbo wa tisa. Ni gitaa na hamonika tu, kodi moja mwanzo hadi mwisho, piki, kile kipande cha kupigia nyuzi, ameiweka chini anapiga kwa nyama ya vidole kama alivyokuwa akifanya Hubert Sumlin, mpiga gitaa wa mwimbaji Howlin' Wolf. Unasikia uzi ukigusa chuma. Hamonika inasema, gitaa linasubiri, linajibu kwa nota tatu, linanyamaza. Nota tatu! Kumbe anazo. Dakika mbili na ushee, na kwa dakika hizo ningempa nyota nne bila kubishana na mtu. Tena ndiyo inanikasirisha zaidi: asiyejua unamsamehe, anayejua na akafanya makusudi unamfanyaje?

Nikawa nimeshaamua nyota tatu. Kisha nikafika mwisho, kwenye nyongeza: wimbo wa nne huohuo, umerekodiwa jukwaani.

Ubeti wa kwanza ni yaleyale. Wa pili, anavuta uzi mwembamba, na kinasikika wazi: ta! Umekatika. Kwa bahati, daraja la gitaa lake, pale nyuzi zinapoegemea, ni lile lililokazwa. Lingekuwa lile linaloelea, springi zingelivuta nyuma na nyuzi tano zilizobaki zingepanda sauti zote kwa pamoja, wimbo ungeishia hapo. Hazikupanda. Ila zile nota za juu alizozoea kukimbilia hazipo tena, vidole vinatafuta njia kwenye uzi wa pili, na kwa mara ya kwanza jamaa anaogopa. Ananyamaza. Mwimbaji anamaliza mstari wake mzima, hadi pumzi ya mwisho. Baa mbili za kujibu zinafika, gitaa linaingia kwa kuchelewa, nota mbili, tatu, C imevutwa kidogo tu, palepale katikati. Mwimbaji anacheka, anasikika kabisa, anaurudia mstari kama mtu mpya. Kwenye D7 ile C imeachwa ilivyo. Ubeti wa tatu wote uko hivyo, sekunde 48, na sina neno. Hiyo ni bluzi, mpeni nyota tano, niliyoandika huko juu yafuteni.

Ubeti wa nne, inasikika plagi ikichomekwa. Wamempa gitaa lingine.