Kabla ya kununua kaktasi yenye ua, tafuta gundi

Wiki 7 nilikuwa namwagilia ua lililokufa. Sitanii. Nilinunua kaktasi ndogo ya mviringo, kama limau, na juu ya utosi wake kulikuwa na ua la rangi ya waridi. Shilingi 25,000, sikupunguziwa hata mia. Nikaiweka kwenye dirisha la jikoni, hapa Dar es Salaam, na kila siku ikanipa kitu cha kutazama: asubuhi za mvua ua linajifumba, mchana jua likikolea linafumbuka. Nilikuwa nampigia dada yangu Iringa kumpa taarifa za ua kama za mtoto mchanga. Halafu mpwa wangu wa miaka 6 akalivuta. Likatoka zima, na chini yake kitone kigumu cha gundi, ile ya kuyeyusha kwa moto wanayobandikia mapambo ya harusi.

Kumbe ua lenyewe ni la mmea mwingine kabisa, wa asili ya Australia, unaoitwa Xerochrysum bracteatum. Petali zake ni ngumu kama karatasi, na hata likishakatwa na kukauka huendelea kujikunja likipata unyevu na kujikunjua likikauka. Kwa hiyo lililokuwa likifumba na kufumbua ua langu ni unyevu wa hewa ya Dar. Mimi nikajua ni mapenzi.

Tangu nisimulie kisa hiki wasomaji wanne wameniandikia kuwa yamewakuta, mmoja wa Mombasa alinunua tatu kwa mpigo. Basi leo nisiulizwe habari za ukubwa wala rangi ya chungu. Nina neno moja, nalo ni gundi.

Gundi ya kwanza iko chini ya ua. Kaktasi ya kweli hutoa ua mahali maalumu: ama kwenye kile kidoa chenye manyoya kinachotoa miiba, ama katikati ya vinundu vyake. Kwa jamii nyingi za mviringo, maua hujipanga pembeni ya utosi kama taji. Ukiona ua moja tu, limekaa juu katikati kabisa kama kofia ya bwana harusi, shuka macho hadi kwenye shina la ua. Hakuna shina? Kuna kitu kinang'aa kama plastiki? Ligusie kwa kijiti. Petali zikilia kama karatasi, rudisha pochi. Na kama kila kaktasi kwenye meza ya muuzaji ina ua la ukubwa uleule, moja kila kichwa, za njano, zambarau na buluu, huhitaji hata kuinama.

Utasema ni pambo tu, linaumiza nini? Linaumiza utosi. Pale katikati ndipo kaktasi inapokulia, miiba mipya huzaliwa hapo. Gundi ya moto inaunguza, na hata isipounguza inaziba. Yangu ina kovu la ukubwa wa senti mpaka leo, na imeanza kukua kwa ubavu. Ukishauziwa, usiling'oe kwa hasira. Kata ua kwa mkasi, acha gundi ilegee yenyewe mmea unapokua.

Gundi ya pili ndiyo mbaya zaidi na hakuna anayeizungumzia: ipo kwenye kokoto. Vile vijiwe vyeupe vya kupendeza juu ya udongo mara nyingi vimegandishwa kuwa kigae kimoja, ili visimwagike kwenye gari. Maji yanapita juu yake au yanajipenyeza pembeni tu, na yakishaingia hayatoki, hewa haipiti, mizizi inaoza na wewe unadhani ina kiu. Dawa ni kidole gumba. Bonyeza vijiwe dukani, mbele ya muuzaji. Visipotikisika, aidha unaacha au unakubali kazi: nyumbani loweka chungu, vunja kigae kwa bisibisi taratibu, toa mmea, uhamishie kwenye chungu cha udongo wa kuchoma chenye tundu chini, udongo nusu na mchanga mkavu wa mto nusu. Mchanga wa ufukweni hapana, una chumvi. Usimwagilie wiki nzima ili vidonda vya mizizi vikauke.

Sasa orodha yangu ya kaktasi zenye maua ya kweli, na sijifanyi hakimu asiye na upande.

Namba 1 ni Mammillaria. Jina limetoka kwenye neno la Kilatini la chuchu, na ukiitazama vinundu vyake utajua mtaalamu aliyeipa jina alikuwa anawaza nini. Wengi ni wa Meksiko, huchanua wakiwa bado wadogo, na maua huzunguka utosi kama shada. Anayependwa ni Mammillaria hahniana, mwenye nywele nyeupe kama bibi kizee na maua ya zambarau. Huyo dada yangu anaye Iringa na anachanua kila mwaka. Kwangu hapa Dar amekaa tu, amenuna, kwa sababu ili kaktasi hizi zichanue zinataka miezi ya baridi na ukavu, na sisi wa pwani ukavu tunaupata ila baridi tunaisikia kwa simu. Kwa hiyo watu wa pwani, nunueni Mammillaria prolifera. Asili yake inafika hadi Kuba na Hispaniola, hali ya hewa ya joto na unyevu haimshangazi. Maua yake ni madogo, ya njano iliyopauka, siyo ya kupigia watu picha. Lakini baadaye hutoa vitunda vyekundu kama pilipili ndogo vinavyokaa muda mrefu, na huzaa watoto wengi pembeni mpaka chungu kinajaa. Ninazo vyungu 11 sasa. Usinihukumu.

Utunzaji wake ni huu. Jua la asubuhi kwa muda wa saa nne au tano kila siku, ila izoeshe taratibu kwa wiki mbili, maana imetoka kwenye kivuli cha kitalu na itababuka. Masika iondoe kwenye mvua. Kipupwe kikiingia, kuanzia Juni, punguza maji hadi mara moja kwa wiki tatu au nne, kidogo tu. Vuli ikikaribia rudisha maji: unalowesha mpaka yatoke chini, kisha unasubiri udongo ukauke kabisa. Na siku zote angalia kati ya vinundu kama kuna wadudu weupe mfano wa pamba. Wafute kwa kijiti chenye spiriti.

Namba 2, Echinopsis oxygona. Ua lake ni refu kama tarumbeta, wakati mwingine limeuzidi mmea, hufunguka jioni na baada ya siku moja au mbili limekwisha. Ukisafiri umelikosa.

Namba 3 ni Schlumbergera, ile ya mashina bapa kama majani, yanayoning'inia. Hii si ya jangwani. Kwao ni misitu ya milima ya kusini-mashariki mwa Brazili, inakaa juu ya miti, inataka kivuli na unyevu. Inafaa Nairobi, Arusha, Lushoto. Inahitaji usiku mrefu wenye giza kwa wiki kama 6 ili ifanye vichomozo vya maua, na kwa kuwa usiku wetu ni karibu saa 12 tu mwaka mzima, taa ya sebuleni inayowaka mpaka saa 5 usiku inaidhulumu. Iweke chumba kisichotumika jioni.

Rebutia, kama unaishi mahali pa baridi na ukaipata, chukua. Pwani haiwezi.

Kisha kuna ile yenye kichwa chekundu au cha njano juu ya nguzo ya kijani. Hilo si ua, jamani. Ni kaktasi isiyo na kijani cha kujitengenezea chakula, imepandikizwa juu ya shina, aghalabu la mmea wa tunda la dragoni, na inamnyonya aliye chini. Ufundi huo ulianzia Japani. Angalau hapo walitumia kisu, si gundi, ila baada ya miaka michache wawili hao huachana. Na ile pipa ya miiba ya dhahabu, Echinocactus grusonii, nunua kwa umbo lake, maana ua ni suala la miaka 20 hivi.

Bajeti ndogo: omba kitoto cha Echinopsis kwa jirani. Mpungate, nao ni kaktasi, uache, utaotea usikotaka. Waulizeni wafugaji wa Laikipia, Kenya, umewavamia malisho.

Kuhusu bei siwezi kunyamaza. Bei ya kaktasi Dar inapangwa kwa kutazama mkoba wako. Kaktasi ileile niliitajiwa 12,000 nikiwa na kanga na 30,000 nikiwa nimetoka kazini. Kisha wanaihamishia kwenye kikombe cha kauri kisicho na tundu, wanaongeza 15,000, wanasema "imetoka nje". Nje ya nini? Nje ya geti?

Mwezi uliopita nilirudi kwa muuzaji wangu na ua langu kwenye bahasha. "Kaka, hili ua si la mmea huu." Akaligeuza, akalitazama kwa utulivu. "Lakini dada, si ulilipenda?" Nikamwambia anirudishie fedha za ua, basi, mmea nitabaki nao. Akafikiri, akanipa 2,000. Zaidi ya hapo hawezi, akasema, gundi nayo inanunuliwa.