Kuonja mvinyo ni raha, mwongozaji ndiye aliyeniharibia: uzoefu wangu

Nilisema nisubiri hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa, kwa hiyo naandika nazo hivyo hivyo.

Hivi karibuni nilijiandikisha kwenye darasa la kuonja mvinyo, yale ya jioni moja: watu wachache mezani, kila mtu na glasi zake, mwongozaji amesimama mbele anaeleza. Sitaji ni la nani, wenyewe wakisoma watajijua. Habari za ratiba na orodha ya chupa kasomeni kwenye tangazo lao. Mimi nina neno na chupa moja tu, ile ya mvinyo mwekundu wa Cabernet Sauvignon, na mtu aliyeimimina.

Nianze na mazuri lakini, maana yalikuwepo, na ndiyo yanayonikera zaidi.

Walituanzishia Riesling, mvinyo mweupe, iliyokaa miaka kadhaa kwenye chupa. Glasi inamiminwa kidogo tu, unaishika kwa mguu wake, unaizungusha mvinyo upande kuta na kuachia harufu, halafu unaingiza pua. Nikanusa, nikasikia petroli. Petroli kabisa, na nyuma yake ganda la ndimu na asali kwa mbali. Nikanyamaza, nani ataanza kusema mvinyo unanuka petroli mbele ya watu? Mama mmoja mtu mzima aliyekaa pembeni yangu akasema bila wasiwasi, "Mimi nasikia mpira mpya wa baiskeli." Meza nzima ikacheka, tukanusa tena, na kweli mpira huo hapo! Nikapata nguvu, nikataja petroli yangu, na watu wakaipata nao. Baadaye nilisoma kwamba hakuna cha ajabu: Riesling ikikomaa inatengeneza kemikali inayoitwa TDN, na zabibu zikiwa zimepigwa jua sana inazidi.

Hiyo ndiyo raha niliyoifuata. Harufu inakuwa imejificha humo, mtu mwingine anaitaja, na kuanzia hapo huwezi tena kuikwepa. Unapiga funda, unaivuta hewa kidogo juu ya ulimi, na mambo yanabadilika, kwa sababu harufu sasa inapanda puani kwa kupitia nyuma ya koo. Ule uchachu unakutoa mate pembeni mwa mdomo. Unameza au unatema kwenye ndoo, na bado kitu kinabaki, unatafuta jina lake. Kwa wakati ule ningewapa nyota zote walizonazo.

Sasa huyu bwana. Kwanza alikuja amejimwagia manukato. Mtu anaongoza darasa la kunusa, amejimwagia manukato! Akipita nyuma yako na chupa, kila mvinyo unanukia yeye. Pili, alikuwa na kadi. Kabla hujainua glasi yeye ameshasoma: hapa mtapata ua fulani, hapa siagi, hapa vanila ya pipa. Watu wanatikisa vichwa, ndiyo, siagi. Siagi gani? Hamjanusa! Na hili si jambo dogo. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa walichapisha jaribio walilofanya Bordeaux: wanafunzi 54 wa mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Ikiwa rangi peke yake inamzungusha mwanafunzi wa mvinyo kiasi hicho, mtu mwenye kadi na sauti nzito atatufanya nini sisi?

Ikafika Cabernet. Kadi ikasema matunda meusi, penseli iliyochongwa, majani ya tumbaku. Nikazungusha, nikanusa: boksi lililolowa maji. Nikarudia, boksi lile lile, na nguo zilizokunjwa mbichi zikasahaulika kabatini. Tunda hakuna hata moja. Mdomoni ulikuwa umekufa, umebaki ule ukavu wa tanini unaokamata ulimi, basi. Nikamtazama mama wa baiskeli. Alikuwa ameshaisukuma glasi yake mbali.

Nikasema kwa adabu zote, "Samahani kaka, hii chupa nasikia kama boksi lililolowa. Haiwezi kuwa imeharibiwa na kizibo?"

Hakunusa. Naomba mlishike hilo, maana ndilo linalonikata maini mpaka leo. Hakuinua glasi. Hakuisogeza chupa puani. Alitabasamu akasema, "Dada yangu, huo ndio udongo wa shamba lenyewe. Huu ni mvinyo wa wakubwa, pua yako bado changa. Endelea kunusa, utazoea." Watu wakacheka, na safari hii hakuna aliyecheka pamoja nami.

Na kilichonimaliza ni kwamba mezani alikuwa ametugawia yeye mwenyewe nakala za lile gurudumu la harufu, mchoro wa duara wenye majina ya harufu za mvinyo, la Ann Noble, yule mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha California, Davis, aliyelitengeneza miaka ya 1980 ili watu waache maneno ya kujigamba, waseme vitu ambavyo pua zao zinavijua. Nikaliangalia. Boksi lililolowa limeandikwa humo! Nikaliweka kidole, nikamwonyesha. Akasema hilo ni la wanaoanza.

Sawa, tuseme mimi ni wa kuanza. Lakini jambo lenyewe linajulikana na kila anayefungua chupa kwa riziki. Kizibo kinachotokana na gome la mti kinaweza kubeba kemikali inayoitwa TCA, inayotengenezwa na kuvu. Haimdhuru mnywaji, ila inaua matunda yote ya mvinyo na kuacha harufu ya unyevu na karatasi, na pua ya binadamu inaisikia hata ikiwa ni nanogramu chache tu kwa lita. Ndiyo maana hotelini mhudumu anakumiminia kidogo kwanza: uchunguze kama chupa ni nzima. Hakuombi usifie. Mwongozaji anatakiwa awe amekwisha kunusa kila chupa kabla haijafika kwa mtu. Na hilo la "utazoea", jamani, ni kweli nilizoea! Pua huzoea harufu yoyote ukikaa nayo. Baada ya muda sikuisikia tena sana, nikabaki na maji mekundu machungu. Akaniuliza, "Unaona?"

Nilipofika nyumbani nilijaribu kumtetea, si vizuri kumhukumu mtu kwa chupa moja. Pua hazifanani. Pilipili manga inayosikika kwenye mvinyo mwekundu wa Syrah inatoka kwa kemikali iitwayo rotundone, na Waaustralia walioitambulisha kwenye mvinyo mwaka 2008 walikuta karibu mtu mmoja kati ya watano wa jopo lao haisikii kabisa. Inawezekana basi naye TCA haimfikii, si kosa lake. Ningemwelewa kabisa. Angenusa, akasema "mimi siisikii, tumuulize mwingine", tungepata somo zuri kuliko yote ya jioni ile. Lakini hakunusa!

Mwishoni walitoa Muscat tamu yenye harufu ya waridi, na nakiri ilikuwa nzuri mno, nusura nisahau. Halafu kijana aliyekuwa anakusanya glasi akaifikia chupa ya Cabernet. Nilikuwa namwangalia. Akaisogeza puani, akarudisha kichwa nyuma, akakunja uso, akaipeleka chini ya meza kimya kimya na kufungua nyingine. Akatumiminia sisi wawili, mimi na yule mama, matone machache tu ya hiyo mpya. Penseli ilikuwepo, matunda meusi yalikuwepo, na kitu kama pilipili hoho mbichi ambacho kadi haikukitaja. Bwana manukato aliona yote yale. Akaendelea kuwaeleza wengine namna ya kujiandikisha darasa la pili.

Hakuna aliyesema samahani. Hata ile "pole dada" ya kupitisha siku hatukuisikia.

Wamenitumia ujumbe wananiomba tathmini. Nilipoanza kuandika nilikuwa nataka kuwapa nyota tatu, kwa heshima ya vinywaji na yule kijana, ambaye kama kesho atafungua darasa lake mimi nitakaa kiti cha mbele. Nikifika kwenye "pua yako bado changa" nikashusha mpaka mbili. Sasa nimesoma tena nilichoandika. Moja. Ile nyingine ilikuwa ya Riesling, na Riesling hawakuitengeneza wao.