Waifai iligoma baada ya kuhama Windows 10: uzoefu wangu Moshi mjini

Kwa mwenye haraka, maoni yangu ni haya: Ubuntu 24.04 (mfumo wa kompyuta wa jamii ya Linux, unakaa mahali pa Windows) kwenye mashine ya zamani naipa alama nzuri, fundi wa kwanza sirudi kwake, fundi wa pili nimeshaanza kumpelekea wateja. Maelezo ni haya.

Nina steshenari ndogo karibu na Chuo cha Ushirika. Natoa kopi, nachapa, nawajazia wanafunzi fomu kwenye tovuti ya Bodi ya Mikopo na kuwatolea watu matokeo ya NECTA. Intaneti ikikatika, duka ni kama limefungwa. Laptopu yangu ni ya mtumba, ina prosesa ya Intel kizazi cha 5. Microsoft walipositisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mashine hii haikuwa na pa kwenda, maana Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, ukiacha chache. Ipo njia ya kujiandikisha upate masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026, lakini niliona huko ni kuahirisha tu. Nikahamia Ubuntu.

Fundi wa kwanza ana fremu maeneo ya sokoni. Aliipiga Ubuntu vizuri, mashine ikawa inawaka upesi, na mafaili yangu yote aliyatunza. Hapo sina lawama. Ila nilipofika dukani, pale juu kulia pa kuchagua mtandao hapakuwa na waifai. Siyo kwamba iligoma kuunganisha, haikuwepo kabisa. Nikampigia.

"Mama, kadi ya waifai imekufa. Mashine za mtumba ndivyo zilivyo. Lete nikuwekee nyingine." Bei akaitaja hapohapo.

Kadi iliyoshinda inafanya kazi kwenye Windows, ife siku ileile ya kubadilishiwa mfumo? Nilimwambia nitafikiria.

Jirani yangu anayeuza vifaa vya simu alinipa kiwaifai cha USB nikijaribu kwanza, bei yake 20,000. Nilipokichomeka, Ubuntu ilikisoma kama sidii yenye programu za Windows. Vingi vya bei hiyo viko hivyo: vina draiva zake (programu za kuendesha kifaa) za Windows ndani, na mpaka vigeuzwe ndipo vianze kufanya kazi ya waifai. Nilimrudishia siku hiyohiyo. Ukitaka kununua, ulizia chipu iliyomo ndani, kwa sababu boksi linaweza kuandikwa chochote.

Fundi wa pili ni kijana anayekaa kwenye korido ya jengo moja upande wa Double Road, meza yake moja na bango hana. Kilichonifanya nimwamini ni kwamba hakugusa bisibisi. Aliniuliza, "Mama, waifai ilifanya kazi mpaka lini?" Nilipomwambia, akafungua dirisha jeusi la amri akaandika:

lspci -nnk

Amri hiyo inaorodhesha vifaa vilivyomo ndani ya mashine, na chini ya kila kimoja inaonyesha draiva inayokiendesha. Kadi yangu ilikuwepo pale kwa jina kamili, Broadcom BCM43142. Draiva ya waifai ndiyo haikuwepo. "Kadi nzima hii, mama. Ungenunua nyingine ya aina hiihii, ungerudi palepale." Akapitisha pia amri ya rfkill list, ambayo ingeandika "Hard blocked: yes" kama waifai ingekuwa imezimwa kwa kitufe cha pembeni. Halikuwa hilo.

Kumbe draiva ya kadi hii haimo ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, inakuja kwenye pakiti ya peke yake. Wakati wa kupiga Ubuntu kuna kiboksi cha kuruhusu programu za nje kwa ajili ya grafiki na waifai. Fundi wa kwanza alikiruka. Haya, utapakuaje draiva ya waifai bila waifai? Kijana aliniomba simu, akaichomeka kwa waya wa USB, akawasha kushiriki intaneti kupitia USB. Ubuntu ikaiona simu kama waya wa mtandao, bila kuuliza chochote. Hilo ningelijua mapema ningeokoa nauli za bodaboda. Kisha:

sudo apt install bcmwl-kernel-source

Katikati ya zoezi ikadai tuweke neno la siri jipya, sababu Secure Boot, kinga inayokataa programu zenye sahihi isiyotambulika, ilikuwa imewashwa. Hapa ndipo pana kasoro ninayoilalamikia. Ukiwasha mashine upya inakuja skrini ya bluu, inakupa sekunde 10 ubonyeze kitufe chochote, usipobonyeza inaendelea na safari yake. Huku kwetu skrini ya bluu watu wanaijua kwa habari mbaya, wengi watakaa waangalie tu mpaka ipite. Ikipita, draiva inabaki imewekwa lakini Secure Boot inaikataa kwa kuwa sahihi yake haitambuliki, na ukijaribu kuipakia kwa amri unajibiwa "Key was rejected by service". Hapo mtu anaapa kwamba kadi imekufa kweli! Kinachotakiwa ni kuchagua Enroll MOK (kusajili ufunguo wa sahihi hiyo), kisha Continue, kisha Yes, uandike lile neno la siri, mashine ijiwashe upya. Ikikupita, unairudisha hivi:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Wapo mafundi wanaozima Secure Boot kwenye BIOS (mipangilio ya ndani ya mashine) wakamaliza. Kijana alisema naye angeweza, ila haoni sababu ya kuondoa kinga wakati njia ipo. Nilimpenda kwa hilo.

Mashine ilipowaka, mitandao ya majirani yote ikajaa kwenye orodha. Ya kwangu ilionekana moja tu, wakati rauta yangu inatoa mbili, ya 2.4 na ya 5 GHz. Huo si ubovu, kadi hii inasoma 2.4 peke yake. Kwa fomu na matokeo inanitosha, na inapenya ukuta wa stoo vizuri kuliko ile nyingine.

Alinitoza 10,000 akaniandikia amri zote kwenye karatasi. Kasoro yake ni simu: akiwa na wateja hapokei, inabidi umfuate. Alinionya pia kwamba kerneli ikisasishwa draiva hujengwa upya yenyewe, mradi pakiti ya linux-headers inayolingana na kerneli yako iwemo, akaniwekea. Kerneli imeshasasishwa tangu wakati huo na waifai ipo.