Tawasifu ya Mark Twain, juzuu ya kwanza: uzoefu wangu

Nimemaliza juzuu ya kwanza ya tawasifu ya Mark Twain, mwandishi wa Marekani aliyejulikana kwa vichekesho, ile iliyotoka 2010. Vipande vyake viliwahi kuchapishwa zamani, lakini yeye aliagiza yote yasitoke mpaka ipite miaka 100 tangu afe, ili aseme ya moyoni bila kumchelea mtu. Nimeisoma bure kwenye tovuti ya Mark Twain Project, na maelezo ya wahariri yamo yote. Kitabu chenyewe cha karatasi kina kurasa zaidi ya 700, kwa hiyo kwangu kukipata bure mtandaoni ni neema kubwa.

Ushauri wangu: usianzie mwanzo. Kurasa kama 200 za kwanza ni utangulizi wa kitaalamu na rasimu alizoanza akaziacha. Mle ndani anamshambulia mwenye nyumba waliyopanga Florence, Italia, mpaka inachosha. Ruka, nenda Januari 1906, alipoanza kusimulia kwa mdomo, karani akiandika kwa hatimkato. Hafuati miaka. Leo habari ya gazetini, kesho utoto wa Missouri, na jambo likimchosha analiacha. Ukishamzoea, ni kama kumsikiliza mzee barazani, hutaki anyamaze.

Vichekesho vimo tele, ila kilichonishika ni Susy, binti yake mkubwa. Mwaka 1885, akiwa na miaka 13, alianza kuandika kwa kificho wasifu wa baba yake. Twain ananukuu daftari lile kipande kwa kipande, makosa ya tahajia hakuyagusa hata moja, kisha anaongezea yake: kuhusu hasira zake, kuhusu paka wa nyumbani. Unasoma ukijua kwamba huyo mtoto hayupo. Alifariki Agosti 1896 kwa homa ya uti wa mgongo, ana miaka 24. Baba yuko Uingereza, ndiyo kwanza ametoka kuzunguka Australia, India na Afrika Kusini akitoa mihadhara, kutafuta pesa za kulipa madeni baada ya kampuni yake ya uchapishaji kufilisika 1894. Habari ilimkuta kwa simu ya maandishi (telegramu). Ukurasa huo nimeurudia mara nyingi, na kwangu unazidi kila alichoandika kuchekesha watu.

Anayetaka maisha yake yaliyopangwa tangu kuzaliwa 1835 hadi kifo 1910 atafute wasifu wa kawaida kwanza. Anayetaka kumsikia mwenyewe, aanze na hii. Juzuu ya pili na ya tatu nazo ziko hapohapo, bure.