Kolibri kwenye shule iliyopakana na hifadhi: maoni ya mwalimu anayeitumia

Kolibri ni programu ya bure ya kujifunzia kutoka shirika la Learning Equality, na kilichonivutia kwanza ni kwamba haina shida na intaneti. Shule yetu imepakana na hifadhi, mnara wa simu uko mbali, umeme wa nguzo haujafika. Masomo yote yamehifadhiwa ndani ya Raspberry Pi 4, kikompyuta kinachoenea kiganjani, chenye kurusha Wi-Fi yake chenyewe darasani. Watoto wanafungua kivinjari kwenye vishikwambi, wanaandika anwani inayoishia na 8080, wanaingia kwa majina yao. Bando halitumiki kabisa.

Kiwix nayo ninayo, na kwa kusoma Wikipedia bila mtandao sijaona cha kuishinda. Lakini ni maktaba tu, haijui nani kasoma nini. Kolibri inajua, na kwetu hilo lina uzito kuliko yote. Tembo wakilala njiani, watoto wa upande wa msituni hawaji, au wanafika saa nne wakisindikizwa na askari wa wanyamapori. Zamani mtoto wa hivyo alikuta tumeshavuka mada, basi imempita. Sasa anaingia kwenye akaunti yake na kuendelea palepale alipoachia, na mimi kwenye ukurasa wa mwalimu naona nani kakwama, swali gani, na alijibu nini kabla ya kupata. Mazoezi ya hesabu ya Khan Academy yaliyomo ndani ya Kolibri hayaruhusu kupita kwa kubahatisha: lazima apatie kadhaa kati ya maswali yake ya karibuni ndipo zoezi lihesabiwe limekwisha. Wapo wanaonuna. Wanune tu.

Vishikwambi havitoki shuleni. Wanafunzi lazima wawe nyumbani kabla giza halijaingia, na mtoto anayekazana kutembea na wenzake simtwishi kifaa cha kulinda. Kwa hiyo anayetafuta programu ya kazi za nyumbani, kwa mazingira kama yetu hii haitamsaidia sana.

Kwa Kiswahili kuna hesabu za Khan Academy na hadithi za African Storybook, ambazo madarasa ya chini wanazigombania. Majaribio ya sayansi ya PhET, hasa la saketi za umeme, yanaeleweka hata kwa asiyejua Kiingereza, maana mtoto anaunganisha waya na betri kwenye skrini, taa ikiwaka kajua. Ukipanda sayansi ya madarasa ya juu, Kiswahili kinakuwa haba na Kiingereza ndicho kinachotawala.

Pengo hilo unaweza kulipunguza mwenyewe kwa Kolibri Studio, tovuti ya kuandalia na kupakia masomo yako mwenyewe, ambayo ndiyo inayohitaji intaneti. Askari mmoja alikuja kuwafundisha watoto namna ya kuepuka tembo: kutazama upepo unavuma kutoka wapi, kutopita kati ya mama na ndama. Tulimrekodi kwa simu, nikaipakia video siku niliyokuwa mjini, nikarudi nayo kwenye laptopu. Raspberry Pi iliivuta kutoka humo kwa Wi-Fi ya darasani. Hakuna somo lililotazamwa kuliko hilo, na wazazi nao wanakuja kuliomba.

Upande wa vifaa, jihadharini na nyani. Waya za paneli ya sola zipitisheni ndani ya bomba la plastiki mpaka ukutani, la sivyo watazichezea hadi zing'oke. Kompyuta yenyewe izimwe kwa utaratibu. Ukikata umeme ghafla mara kwa mara, kadi ya kumbukumbu huharibika na masomo yote yanapotea. Wekeni nakala kwenye diski.

Na saa! Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri yake. Ukiizima jioni na kuiwasha kesho bila mtandao, inaendelea kudhani ni jana, na ripoti za wanafunzi zinabeba tarehe za ajabu. Dawa ni kuipachika kifaa kidogo cha saa aina ya DS3231. Raspberry Pi 5, iliyotoka 2023, inayo saa ndani, ila betri ya saa hiyo inanunuliwa kando, kwa hiyo mkiagiza muiandike kabisa kwenye orodha.