Kangomba ya keki: nililipia kilo tano, nikaletewa boya

Korosho zilikuwa za mama mkubwa wa Newala. Naanza na hizo kwa sababu keki imeshaliwa, picha zimeshasambaa, hela imerudi kidogo, lakini zile korosho nusu kilo mpaka leo sijui ziko tumboni mwa nani.

Mama yetu amestaafu ualimu. Miaka 60 imetimia, na mtumishi wa umma akifika hapo hana mjadala. Miaka 36 ya chaki, yote shule za msingi. Sisi watoto wanne tukaona haiwezekani mtu arudi nyumbani na barua tu mkononi, tukapanga sherehe pale pale nyumbani Mikindani, Jumamosi ya Desemba, shule zikiwa zimefungwa ili walimu wenzake wapatikane. Kaka wa Dar akabeba mchele na mbuzi. Wadogo zangu wakabeba turubai, viti na muziki. Mimi ninayeishi Mtwara mjini nikaambiwa nishughulikie keki, kazi ambayo kwenye kikao cha familia ilionekana nyepesi kuliko zote.

Mpishi nilimpata kwa picha zake za mtandaoni. Jina silitaji, mji wetu ni mdogo na nia yangu siyo kumfungia mtu jiko. Picha zilikuwa nzuri kweli: maua ya sukari, keki za bibi harusi, moja ya mtoto yenye gari utadhani litawaka.

Nikamwelezea ninachotaka. Keki ya ghorofa mbili. Ya chini duara kubwa, ya juu umbo la ubao wa darasani wa kijani kibichi kilichokolea, fremu ya kahawia, maandishi meupe kama ya chaki, pembeni kiboksi cha chaki na dasta. Ndani iwe vanila yenye vipande vya korosho. Hilo la korosho lilitoka kwa mama mwenyewe. Amezaliwa Newala, ada yake ya shule ililipwa kwa korosho, daftari zake zilinunuliwa kwa korosho, na kwake keki isiyo na korosho ni mkate uliotiwa sukari.

Bei tukaelewana: 35,000 kwa kilo, ubunifu wa ubao 25,000. Kilo tano ni 175,000, jumla laki mbili. Nikatuma 120,000 siku hiyo hiyo, zilizobaki nilipe siku ya kuchukua. Akasema korosho zimepanda, nikileta mwenyewe hataniongezea kitu. Nikaona huyu mtu mkweli. Nikamwandikia kwamba nitamletea korosho karanga nusu kilo. Mlikumbuke hilo neno, litarudi.

Nikapiga simu Newala. Mama mkubwa akabangua kwa mikono yake, akapakia kwenye basi. Nyeupe, nzima nzima, si zile za kuvunjikavunjika. Aliyewahi kubangua kienyeji anajua maana yake: kuzichoma kwenye bati, moshi unaowasha macho, kuzigonga moja moja, na yale mafuta ya ganda yanayobabua vidole mpaka ngozi inatoka. Mtu wa umri wake kukaa chini afanye hivyo kwa ajili ya keki ya mdogo wake, hiyo si nusu kilo ya dukani. Nikazipeleka mwenyewe Alhamisi jioni. Yule dada akafungua mfuko, akatia moja mdomoni, akasema, "Hizi tamu, mpenzi." Nadhani ndilo neno la kweli pekee alilonipa wiki ile.

Maana kila nilipouliza kitu, jibu lilikuwa lile lile. Keki itakuwa laini? Usijali mpenzi. Joto hili fondanti, ile ngozi ya sukari inayovishwa keki, itahimili? Usijali kipenzi. Kilo tano zitatosha watu 60? Usijali dia wangu, zitabaki.

Makubaliano yalikuwa nichukue saa sita mchana. Saa sita akaniambia rangi haijakauka. Saa nane akasema ameiweka kwenye friji ishike. Saa tisa na nusu ndiyo natoka kwake na bajaji, keki mapajani, 80,000 zilizobaki nimeshamlipa bila hata kufungua boksi vizuri kwa sababu simu za nyumbani zilikuwa haziishi. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa ni langu.

Kutoka mjini hadi Mikindani ni kama kilomita kumi, lami tupu. Lakini ni Desemba, na Desemba ya huku hewa unaweza kuikamua. Sukari huvuta maji. Kitu kikitoka kwenye friji kikakutana na mvuke wa bahari, kinafanya kama chupa ya soda kwenye meza: kinatoa jasho. Tulipoanza kuuzunguka ufuko wa Mikindani ubao wangu ulikuwa unang'aa kama umepakwa mafuta ya nazi, na neno "Mwalimu" lilikuwa limeanza safari ya kushuka. Nikamwomba dereva apunguze mwendo. "Dada," akasema, "nikipunguza tena tutashuka tusukume."

Niseme haki: kwa mbali ilipendeza. Watu walipiga vigelegele. Kile kiboksi cha chaki kilitengenezwa vizuri mno, mwalimu mmoja alijaribu kuchukua moja aandikie. Kasoro ya kwanza aliiona mama, na aliiona kabla hajakaa kwenye kiti. Ubao ulisomeka "Hongera kwa kustahafu Mwalimu". Akainama, akavaa miwani, akasema polepole, "Hiyo h imetoka wapi?" Meza nzima ya walimu wastaafu ikacheka. Nikacheka na mimi. Ujumbe niliomtumia mpishi ninao mpaka leo, na hauna h.

Basi mshereheshaji akaita watu, muziki ukapandishwa, mama akashika kisu chenye utepe. Akaelekezwa akate ya chini kwa sababu ndiyo kubwa na ndiyo inayoonekana kwenye kamera. Kisu kikaingia kidogo kikagoma. Akasukuma. Ukatoka ule mlio, mnaujua, wa lile povu gumu jeupe linalokuja na runinga mpya kwenye boksi. Kwiii. Mshereheshaji hakusikia, yeye anaimba tu kata mwalimu kata. Mama akanisogelea sikioni: "Mwanangu, hii ni mbao?"

Ghorofa nzima ya chini ilikuwa povu. Limevishwa fondanti, limezungushiwa utepe, limekaa kimya. Vipunje vyeupe vikabaki kwenye kisu, na mzee mmoja jirani yetu akadhani ni nazi, tukamwahi kipande kikiwa karibu na mdomo.

Nimekuja kujifunza baadaye kwamba hii kitu wapishi wanaiita dami na ni ya kawaida kabisa. Keki ndefu za harusi, zile za ghorofa tano au sita, mara nyingi nyingine ni dami, ili isielemee, ili gharama ipungue, na keki ya kuliwa inakatwa pembeni. Hakuna ubaya mteja akijua. Nilimpigia mpishi mwingine, mama mmoja wa Ligula anayepika siku nyingi, akaniambia kwake dami hailipishwi bei ya keki, na kilo yeye anapima keki iliyokamilika, imeshapakwa krimu, mizani mbele ya mteja akitaka. Akasema pia wapo wanaohesabu kilo ya unga ulioingia, na hao nao si waongo mradi wakuambie, maana unga ukishatiwa mayai, siagi, sukari na maziwa keki inatoka nzito kuliko unga peke yake. Yangu mimi haikuwa ya unga wala ya mizani.

Tukarudi kwenye ubao basi, ndiyo keki pekee iliyokuwepo. Ukiniambia ilifika kilo mbili nitakubali kwa shida. Wadogo zangu wakaikata vipande vya ukubwa wa kifutio ili kila mgeni apate. Kavu. Ile kavu ya keki iliyopikwa mapema mno, inayoomba maji kooni. Na ile rangi! Kijani kile kilichokolea kilikuwa rangi tupu, kikashika kwenye meno, midomo na ndimi. Mama wa Ligula aliniambia ukitaka fondanti ya rangi nzito unaipaka rangi siku moja au mbili kabla, yenyewe inakolea ikikaa, huhitaji kumwaga nusu chupa. Kwetu ilimwagwa. Picha ya pamoja tuliyopiga jioni ile, walimu zaidi ya ishirini wamesimama mbele ya nyumba wanacheka, wote wana meno ya kijani. Hatujaiweka ukutani.

Lakini hayo yote mama aliyachukulia kwa kicheko. Kilichomnyamazisha ni alipotafuna. Alitafuna, akasimama, akatafuna tena kama mtu anayetafuta mfupa wa samaki. Akatoa kipunje, akakiweka kiganjani.

"Hii karanga."

Nikala kipande changu. Karanga. Nikachukua cha mdogo wangu nikakivunja. Karanga, tena za kukaangwa na chumvi, za kupimwa kwa kikombe barabarani. Korosho hata moja. Hapa Mtwara! Mkoa mzima mwezi ule umejaa magunia, malori yanapishana kwenda maghalani, na mimi nimemlisha mtoto wa Newala keki ya karanga kwenye sherehe yake. Na mama mkubwa amekaa hapo hapo, kasafiri kutoka Newala, vidole bado vina mabaka, anasubiri kusifiwa.

Jumapili nikamwandikia yule dada, nikatuma picha tisa. Alisoma saa tatu asubuhi, akajibu saa mbili usiku. Naweka kama yalivyo:

"Pole mpenzi, lakini kilo tano ni ukubwa wa muonekano siyo uzito."

Nikamuuliza muonekano unapimwa kwa mizani gani. Akasema keki za ghorofa wote wanafanya hivyo. Nikamuuliza korosho.

"Zilikuwa kidogo kipenzi nikachanganya na karanga."

Nikamwambia sikuona korosho hata moja ya kuchanganywa. Akakaa kimya kama robo saa, kisha: "Si wewe mwenyewe uliandika karanga? Angalia meseji yako juu."

Kwa wasomaji wa mbali: korosho ikiwa na ganda lake inaitwa korosho ghafi, ikishabanguliwa inaitwa korosho karanga. Hilo ni neno la biashara, kila mtu wa kusini analijua, limo mpaka kwenye taarifa za habari msimu wa minada. Mtu aliyepokea mfuko wa korosho kwa mkono wake, akaonja, akasifu, leo ananiambia aliona neno karanga akaenda kununua karanga. Na kama alinunua karanga, korosho basi zirudi. Hapo hakujibu.

Nilipomsomea mama mazungumzo yote alikuwa anaosha miwani. Akasema, "Kumbe kangomba imeingia mpaka kwenye keki." Mkulima wa korosho hahitaji kufafanuliwa neno hilo: ni yule anayekuja kijijini kimyakimya na kipimo chake mwenyewe, anakulipa bei ya kutupa, na ukija kushtuka gunia limeshaondoka. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu mtu akipunja nyama kwenye sahani anaitwa mpishi wa keki.

Nilimsumbua wiki mbili. Sikumtukana, kila asubuhi nilimtumia picha ile ya meno bila maneno. Mwisho akarudisha 50,000 akisema ni kwa ubinadamu tu, makato ya kutolea nikajilipia. Laki moja na nusu kwa keki isiyozidi kilo mbili, piga hesabu mwenyewe. Ameahidi pia kunipikia keki ya kilo moja bure. Nikamwambia asante, sina mdomo wa kijani mwingine.

Nyota nampa mbili kati ya tano. Moja ni ya kile kiboksi cha chaki, mkono wa kuchonga anao na sitamnyima. Ya pili ni ya ile 50,000, kwa sababu wapo ambao wangenifungia namba siku ya kwanza. Mkienda kwake, au kwa mwingine yeyote, muulizeni kilo yake ni ya nini kabla hamjatuma hata mia, na boksi lifunguliwe mezani kwake, si kwenye bajaji. Na kama mna korosho za ndugu, pikeni wenyewe: zikaangwe kidogo, zikatwe, zigaragazwe kwenye unga mkavu ndipo zitiwe kwenye rojo, hazizami chini. Mama wa Ligula kanifundisha bure.

Lile povu nilitaka kulichoma jalalani. Mjomba wangu anayevua pale ghubani akanizuia, akaligonga kwa kidole, akalipima mkononi. "Hili linaelea," akasema, "wewe unatupa hela." Akalikata vipande sita, akavitoboa, akavifunga kwenye nyavu zake viwe maboya. Wiki iliyopita mdogo wangu kapiga picha alfajiri, mtumbwi, maji yametulia, vipande vyeupe vimejipanga juu ya bahari, kimoja bado kina utepe wa dhahabu. Kaituma kwenye kundi la familia na maneno machache tu: "Kilo tatu za dada zikiwa kazini."