Kozi ya SAT ya dola 1,450: nyota mbili, zote za mwalimu wa hesabu

Nimeanza na bei kwenye kichwa kwa sababu ndilo swali la kwanza ninaloulizwa na akina mama wenzangu hapa Houston, na wengi wakishaisikia hawaulizi la pili. Kwa hela hiyo mtoto anaandaliwa kwa SAT, mtihani wa alama hadi 1600 ambao vyuo vya Marekani huutumia kuchagua wanafunzi: unapewa masomo ya jioni kwa Zoom, mitihani ya majaribio, kitabu kizito kinacholetwa kwa posta, na kitu wanachokiita "saa tatu za ushauri wa udahili". Jina la kampuni naliacha. Ziko nyingi za namna hiyo na vifurushi vyao havitofautiani sana. Binti yangu alisoma nao mwanzoni mwa 2024 akiwa darasa la 11 katika shule ya serikali, wakati ambao SAT ndiyo kwanza ilikuwa inahamia kwenye kompyuta hapa Marekani.

Mwalimu wa hesabu ningempa nyota zote tano kama angekuwa anauzwa peke yake. Kipindi cha kwanza hakufundisha hesabu hata moja. Aliwafungulia kikokotoo cha Desmos, ambacho siku hizi kimo ndani ya mtihani wenyewe, akaandika milinganyo miwili ya x na y, mistari ikajichora, akaonyesha inapokatana. "Jibu hilo hapo." Binti yangu, niliyemfundisha mwenyewe kutatua kwa mkono ukurasa mzima na kupiga mstari chini ya jibu, alinigeukia kama mtu aliyefichwa jambo miaka yote. Halafu mwalimu akawapa swali jingine ambalo mistari ilionekana haikutani kabisa. Wote wakajibu hakuna suluhisho. Kumbe ilikuwa inakutana mbali, nje ya sehemu inayoonekana kwenye skrini. Akawarudisha kwenye karatasi. Kwa muda wote wa kozi alikuwa akiwafundisha hilo tu kwa sura mbalimbali: lini uamini macho, lini ushike kalamu. Maswali ni 22 kwa dakika 35, mara mbili, na sehemu ya pili hutegemea ulivyofanya ya kwanza. Ukifanya vizuri unaletewa ngumu zaidi. "Ikianza kukuchoma, ujue uko pazuri," aliwaambia, na siku ya mtihani maneno hayo yalimsaidia mtoto kuliko kitabu kizima.

Kitabu chenyewe sasa. Kilikuwa na sura ya kuandika insha ya SAT, wakati insha hiyo ilifutwa 2021. Kilikuwa na kurasa na kurasa za misamiati adimu ya kukariri, kwa ajili ya aina ya maswali yaliyoondolewa tangu 2016. Nikamuuliza mhusika kwa barua pepe, akanijibu kwamba "msingi haubadiliki". Mwalimu wa kusoma na kuandika alikuwa mtu mwema lakini alikuwa anasoma slaidi. Mtihani wa sasa una vifungu vifupi, kila kimoja na swali lake moja, maswali 54 kwa dakika 64. Yeye bado alikuwa anafundisha namna ya kupitia kifungu kirefu chenye maswali kumi. Tuendelee.

Wanakuhakikishia ongezeko la alama 150 au urudishiwe pesa. Soma maandishi madogo. Ongezeko linapimwa kutoka kwenye mtihani wao wa kuanzia, walioutunga wenyewe, na huo ni mgumu kuliko SAT. Binti yangu alipata 1180 kwao. Wiki hiyohiyo alifanya jaribio la bure kwenye Bluebook, programu rasmi ya mtihani, akapata 1270. Mwisho wa safari alipata 1390. Kwa hesabu yao wamempandisha 210, na barua ya pongezi ilikuja na rangi nyingi.

Hayo yote ningeyasamehe. Ninachoandikia hasa ni zile saa tatu za ushauri.

Mshauri alishiriki skrini, likatokea jedwali. Safu ya kushoto majina ya vyuo, katikati kiwango cha alama cha kila chuo, kulia kisanduku chenye 1390. Kwenye vyuo vingi kisanduku kilikuwa chekundu. Chekundu maana yake alama iko chini ya kiwango, na pale chuo kinaposema kutuma alama ni hiari, usitume. Alipita chuo kimoja kimoja: usitume, usitume, hapa tuma, usitume. Binti yangu akazima maikrofoni akaniuliza, "Mama, kwani hajaniuliza nasoma wapi?" Kweli hakuuliza. Shule yao wastani wa SAT haufiki 1000. Mtoto mwenye 1390 kutoka pale na mtoto mwenye 1390 kutoka shule ambayo kila mzazi amenunua kifurushi kama hiki si alama moja, na mtu niliyemlipa kwa kazi hiyo hakuona haja ya kujua.

Wala si mimi tu ninayesema. Chuo cha Dartmouth kiliporudisha sharti la waombaji kutuma alama za mtihani mwezi wa pili 2024, kilitegemea utafiti wa maprofesa wake wenyewe. Waligundua kwamba watoto wa familia za kipato kidogo walikuwa wanaficha alama za karibu 1400 ambazo wasomaji wa maombi wangezipokea kwa furaha, kwa sababu zilionyesha mtoto amefika wapi akitokea wapi. Walificha kwa kufuata mantiki ileile ya jedwali langu. Na jedwali linajilisha lenyewe: wenye alama za chini wakificha, wastani unaotangazwa unapanda, mwaka unaofuata alama iliyokuwa nzuri inageuka nyekundu, wengi zaidi wanaficha. Ukiwa na mshauri mzuri unajua kwamba namba hizo zimevimba. Ukiwa huna, au ukiwa na wangu, unaziamini.

Ndiyo maana hiyo hiari siipendi. Inaonekana kama huruma, lakini inaongeza uamuzi mmoja mgumu kwenye safari ambayo tayari imejaa maamuzi, halafu soko linakuja kukuuzia jibu. Chuo Kikuu cha Texas, Austin, kilichorudisha sharti mwezi wa tatu 2024, kilitoa takwimu zake. Kwa waombaji wa mwaka huo, waliotaka alama zao zitazamwe, alama ya katikati ilikuwa 1420. Wasiotaka, 1160. Tena waliotuma ndio waliofanya vizuri zaidi muhula wa kwanza, hata walipolinganishwa na wenzao waliofanana nao kwa mambo mengine. Kwa hiyo alama inasema kitu. California nao walienda upande wa pili: bodi ya Chuo Kikuu cha California ilipiga kura mwezi wa tano 2020 kuachana na SAT na mtihani mwenzake wa ACT, ingawa jopo la maprofesa wake lilikuwa limeripoti mapema mwaka huohuo kwamba alama zinasaidia kutabiri, hata kwa wanafunzi wa mazingira magumu. Sikubaliani na uamuzi ule, ila angalau ni kanuni inayoeleweka. Hakuna anayetuma, basi, hakuna wa kukuuzia siri.

Wifi yangu, ambaye ni mwalimu, hataki hata kusikia. Anasema mtihani huu ulizaliwa vibaya, na ana hoja. SAT ya kwanza ilifanywa 1926, na aliyeitengeneza, Carl Brigham wa Princeton, alikuwa amechapisha miaka michache kabla nadharia za akili na rangi za watu ambazo baadaye alizikana mwenyewe. Pia ni kweli kwamba watoto wa matajiri wanapata alama za juu zaidi, na mimi niliyetoa dola 1,450 sina haki ya kujifanya sioni kwa nini. Lakini nikimuuliza tuweke nini badala yake, ananitajia insha, barua za walimu, shughuli za nje ya darasa. Hizo ndizo zinazonunulika kuliko mtihani! Mwaka 2023 wachumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman walionyesha kwamba kwenye vyuo vya juu kabisa vya binafsi, mtoto wa familia iliyo katika asilimia 1 ya juu kwa kipato ana nafasi zaidi ya mara mbili ya kuingia kuliko mtoto wa tabaka la kati mwenye alama zilezile za SAT au ACT. Alama zilezile, wanasema. Waliobebwa, walibebwa na mzazi kusoma chuoni hapo, na michezo, na ile tathmini ya mambo yasiyo ya darasani. Ni kweli pia kwamba kwenye kashfa ya 2019 ya hongo za udahili baadhi ya wazazi walilipa hadi majibu ya mtihani yakasahihishwa. Lakini ilibidi wavunje sheria. Kumlipa mtu akunyooshee insha hakuhitaji kuvunja sheria.

Mimi nimetoka Tanzania, nimefanya Form Six, najua maisha ya mtihani mmoja kuamua kila kitu. Sitaki mtoto wangu apimwe hivyo, na hakuna chuo hapa kinachomtaka apimwe hivyo. MIT, chuo maarufu cha sayansi na teknolojia, waliporudisha sharti lao 2022 walieleza sababu inayoniingia akilini: kila mwanafunzi kwao lazima asome kalkulasi na fizikia, na wanataka kujua mapema kama ataweza, hasa yule ambaye shule yake haikuwa na masomo ya juu ya kuonyesha. Uzito wa alama ningeumalizia hapo. Ithibitishe kwamba mtoto ataimudu kazi, isomwe pembeni ya wastani wa shule yake, halafu iwekwe chini. Anayechagua kati ya 1480 na 1520 anachagua nani aliamka vizuri Jumamosi ile.

Tulituma 1390 kila mahali, nyekundu na isiyo nyekundu. Kuna waliomkubali, kuna waliomkataa, na hakuna anayekuambia sababu, kwa hiyo siwezi kujigamba kwamba nilikuwa sahihi. Kwa upande wa Austin, binti yangu hakuwa kwenye asilimia 6 ya juu ya darasa lake ambayo kwa mwaka wake ilikuwa inapokelewa moja kwa moja, ikabidi faili lake lisomwe lote. Amepata nafasi, ila si kwenye sayansi ya kompyuta aliyoiomba. Yuko hisabati, na bado anatumia Desmos.

Nani anunue kifurushi hiki? Kwa bei yake, hakuna ninayemfahamu. Majaribio kamili ya bure yako kwenye Bluebook na masomo ya bure yako kwenye tovuti ya Khan Academy, na yote yanaendana na mtihani wa sasa, hayana sura ya insha iliyokufa. Ada ya mtihani ni dola 68, na kama kipato chenu ni kidogo mtoto wa darasa la 11 au 12 aombe msamaha wa ada kwa mshauri wa shule. Aombe mapema, kwa sababu msamaha huo unafungua pia msamaha wa ada za maombi kwenye vyuo vingi, na hapo ndipo pesa zinapoponyoka. Huyohuyo mshauri wa shule ana karatasi inayoonyesha wastani wa shule yenu, ile ambayo wangu hakuitafuta. Iombeni muione kabla hamjaamua kuficha chochote.

Jambo moja la mwisho kwa wanaotaka kuwapigia simu hata hivyo. Kwenye tovuti hawaonyeshi, lakini ukisisitiza wanauza saa za mwalimu wa hesabu peke yake, dola 85 kwa saa. Mwombe yule wa jioni za Jumanne.